Halijapona, Limepoa Tu: Breki na Waya za Gari Kuukuu la Familia

 

Huenda ukashangaa kusikia muuguzi akizungumza juu ya breki. Je, ameacha wodi akahamia gereji? La hasha. Shirika la Afya Duniani linatuambia kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wenye umri wa miaka 5 hadi 29. Sisi kina mama tunampeleka mtoto kuchanjwa surua, tunamtandikia neti, tunamchemshia maji ya kunywa. Halafu Jumapili tunampakia katika gari ambalo hakuna mtu ameliangalia chini tangu mwaka jana. Kwa hiyo leo tuliangalie hilo gari, na nitaanza na letu.

Gari letu lilikuwa matatu iliyostaafu. Mnayajua magari haya. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza nchini gari kuukuu lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo mengi hufika Mombasa yakiwa na miaka 6 au 7. Likifanya kazi ya matatu kwa miaka 10, limefika 17. Hapo ndipo linapopakwa rangi mpya na kuuziwa familia, kanisa, au mtu anayebeba watoto wa shule. Rangi ni mpya na viti vimeshonwa upya. Mipira, mabomba na waya za ndani ni zile zile zilizotoka Japani.

Siku moja tulikuwa tukienda mazishi upande wa Narok. Tulikuwa watu 11, watano kati yao watoto, pamoja na sufuria na magunia mawili ya viazi. Kwa muda wa majuma mawili gurudumu la mbele lilikuwa likilia kila breki ikikanyagwa: kwii, kwii. Mama mkwe, ambaye hajawahi kushika usukani maishani mwake, alikuwa ameuliza mara mbili, "Mwanangu, mbona gari lenu linalia?" Baba watoto akamjibu kwa heshima kwamba hilo ni vumbi tu, mama.

Tukateremka ile barabara ya zamani ya Mai Mahiu, ile iliyochongwa na mateka Waitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Katikati ya mteremko tukasikia harufu ya kitu kinachoungua. Kisha nikamwona baba watoto akikanyaga mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, na uso wake ukabadilika. Breki ilikuwa imezama hadi chini. Akaingiza gia ya pili, gari likanguruma. Akaanza kuvuta handbreki kidogo kidogo, na Mungu akatusaidia gari likasimama kando penye changarawe. Hakuna aliyeumia. Watoto walidhani tumesimama kununua mahindi.

Sasa sikiliza vizuri, kwa maana hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Baada ya nusu saa baba watoto akakanyaga breki tena. Ilikuwa imerudi! Ngumu, nzuri, kama mpya. Watu wakafurahi, wakaanza kupanda, maana maiti haingoji. Lakini mama mkwe alikuwa amemshika mkono mjukuu wake mdogo na hakusogea. Akasema, "Gari hili halijapona, limepoa tu." Akasimamisha matatu, akaondoka na watoto wote watano. Sisi wengine tukabaki kumngoja makanika kutoka Mai Mahiu. Alipofungua gurudumu tulikuta pedi za breki zimekwisha hadi chuma, na oili ya breki ni nyeusi kama kahawa.

Mama mkwe alisema kweli, na ningependa uelewe kwa nini.

Kila mama ameona bomba la sindano. Lijaze maji, uzibe mdomo wake kwa kidole, kisha usukume. Halisogei, sivyo? Nguvu yote ya mkono wako inafika kwenye kidole. Sasa liache na hewa ndani, uzibe, usukume tena. Linabonyea, na kidole hakihisi nguvu nyingi. Breki ya gari hufanya kazi vivyo hivyo. Dereva anapokanyaga, anasukuma oili ndani ya mabomba membamba hadi kwenye magurudumu, na oili hiyo inabana pedi dhidi ya diski ya chuma inayozunguka. Mabomba yakiwa na oili tupu, nguvu inafika. Yakiwa na hewa au mvuke ndani, mguu unazama na gari linaendelea.

Mvuke unatoka wapi? Sugua viganja vyako kwa nguvu utahisi joto. Gari lenye watu 11 na viazi, likishikiliwa kwa breki peke yake kwenye mteremko mrefu, linafanya diski na pedi ziwe moto ajabu, na joto hilo linapanda hadi kwenye oili. Oili ya breki ina tabia moja mbaya: inafyonza unyevu kutoka hewani, polepole, mwaka hadi mwaka, hata kama gari limeegeshwa tu. Ile ya kawaida iliyoandikwa DOT 3 ikiwa mpya haichemki kabla ya nyuzi 205. Ikishaingia maji, inaweza kuchemka kwenye nyuzi 140. Ile ya DOT 4 huanzia nyuzi 230 na kushuka hadi 155. Oili ikichemka inatoa mapovu ya mvuke, na hapo sindano yako imeingia hewa. Ukisimama ikapoa, mvuke unarudi kuwa oili, na breki inashika. Ukianza kuteremka tena, unachemka tena. Ndiyo maana breki iliyopotea ikarudi yenyewe ni ya kuogopwa kuliko ile iliyokufa kabisa. Iliyokufa hakuna anayepanda.

Kwa hiyo oili ya breki inapaswa kumwagwa yote na kuwekwa mpya kila baada ya miaka 2 hivi, na iwe ya chupa iliyofunguliwa mbele yako. Ile chupa iliyokaa wazi juu ya rafu ya gereji imekunywa unyevu tayari. Kuna wanaoongeza oili ya injini au maji ya sabuni ili tu wafike nyumbani. Oili ya injini inavimbisha mipira yote ya breki, na mipira ikishavimba breki nzima ya gari imeharibika. Tena, oili ikipungua kwenye kikopo chake, kuongeza peke yake si tiba. Imepungua kwa sababu pedi zimekwisha au kwa sababu inavuja mahali, na makanika anapaswa kutafuta ni wapi.

Mama anayekaa kiti cha nyuma atajuaje haya yote? Kwa masikio, pua na macho, kama unavyojua mtoto anaugua kabla ya kipimajoto. Mlio mwembamba wa kwii breki inapokanyagwa: pedi nyingi zimewekewa kipande cha chuma cha kulia zinapokaribia kwisha, kwa hiyo gari linakusemesha makusudi. Mlio huo ukibadilika ukawa wa kukwaruza, chuma kwa chuma, hapo usisafiri. Angalia mguu wa dereva. Akikanyaga mara mbili au tatu ndipo breki ishike, kuna hewa au kuna mahali panapovuja. Gari likivuta upande mmoja breki ikishikwa, magurudumu hayabanwi sawa. Gari likihama asubuhi, angalia alipokuwa gurudumu: ukiona unyevu wa utelezi ndani ya tairi au chini, hilo si umande. Na ile taa nyekundu ya breki kwenye dashibodi ikiwaka wakati handbreki imeshushwa, mara nyingi oili imepungua. Nimesikia madereva wakisema taa hiyo "huwaka tu". Nawaambia hata homa huwaka tu.

Kuna mabomba ya mpira yanayofika kwenye magurudumu, mafupi, yanayopinda kila usukani ukipindwa. Mpira huzeeka. Mwambie makanika ayapinde kwa mkono akuonyeshe kama yana nyufa. Katika gari la miaka 17 ambalo halijawahi kubadilishwa mipira hii, mimi singengoja nyufa.

Juu ya uendeshaji nitasema mambo mawili tu, maana madereva wengi hawapendi kufundishwa na abiria. La kwanza, kwenye mteremko mrefu kama Mai Mahiu, Sachangwan, Tambach au kuelekea daraja la Nithi, ambako mnamo Julai 2022 basi lilitumbukia mtoni na watu zaidi ya 30 wakafa, gari literemke kwa gia ile ambayo lingepandia mlima huo. Injini ndiyo inayolishikilia, na breki inapumzika. La pili, kuteremka gari likiwa "fri" ili kuokoa mafuta ni kuiachia breki mzigo wote. Wengine huzima hata injini. Injini ikizimwa, breki hubaki na msaada wa kukanyagwa mara mbili au tatu hivi, kisha inakuwa ngumu kama jiwe, na usukani unakuwa mzito. Sijui ni mafuta ya shilingi ngapi yanayolingana na hilo.

Na breki ikizama ghafla? Dereva akanyage haraka haraka mara nyingi, mara nyingine oili hujikusanya ikashika. Ashushe gia moja moja, avute handbreki polepole asiinyakue, awashe taa za hatari na kupiga honi, atafute kichaka au kilima cha kumpunguzia mwendo. Asichomoe ufunguo gari likiwa linakwenda, usukani utajifunga. Kazi yako wewe abiria ni kuhakikisha mikanda imefungwa kabla ya safari, kila mtoto na wake, wala si mtoto juu ya mapaja yako. Gari la kilomita 50 kwa saa linakwenda karibu mita 14 kwa sekunde moja. Mikono ya mama haiwezi kumzuia mtoto kwa nguvu hiyo, hata mama awe nani.

Tugeukie umeme. Matatu iliyostaafu huwa imefanyiwa mengi ujanani: redio kubwa, spika, taa za rangi, pengine televisheni. Vitu hivyo vikiondolewa, waya zake hubaki, zimekatwa na kufungwa kwa karatasi ya plastiki nyuma ya ubao. Gari linapotikisika miaka na miaka, waya husuguana na chuma hadi ganda linachunika. Panya nao huzipenda, hasa gari likilala karibu na ghala la mahindi. Waya iliyochunika ikigusa bodi la gari inashika shoti, na inakuwa nyekundu kwa moto kwa muda mfupi sana.

Cha kuzuia hayo ni fyuzi, kile kipande kidogo cha plastiki chenye rangi. Ndani yake kuna uzi mwembamba wa chuma unaokatika umeme ukizidi, ili waya isiungue. Nyekundu ni ya ampea 10, bluu ni 15, manjano ni 20. Fyuzi ikikatika, inawekwa nyingine ya rangi ile ile. Ikikatika tena, fundi wa waya aitwe, kwa kuwa kuna ugonjwa ndani. Lakini wewe na mimi tumeona fyuzi zilizofungwa kwa ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, au kipande cha waya, au imewekwa ya 30 mahali pa 10. Mtu huyo amemlaza askari usingizi. Taa zinawaka, ndiyo, lakini kitakachoungua sasa ni waya yenyewe, na katika magari mengi ya aina hii injini iko chini ya viti vya mbele, pamoja na mipira ya petroli ambayo nayo imezeeka. Dereva na mtu wa mbele wanaketi juu ya hayo yote.

Dalili zake zisikupite. Harufu ya plastiki inayoungua, hata kidogo, hata ikipotea. Taa za mbele zinazofifia breki ikikanyagwa. Honi inayolia yenyewe kwenye kona. Swichi iliyo moto ukiigusa. Betri inayokufa kila usiku ingawa ni mpya. Taa za breki za nyuma pia ni umeme, na ndizo zinazomwambia lori lililo nyuma yako kwamba mnasimama. Kuzikagua hakuhitaji mtu wa pili: usiku, gari likiwa limeegeshwa mgongo kuelekea ukutani, dereva akanyage breki na kuangalia kwenye kioo kama ukuta umekuwa mwekundu pande zote mbili.

Ukiona moshi, gari lisimame, ufunguo uzimwe, na watoto watoke upande usio na magari. Waende mbali, hatua 50 au zaidi, na asirudi mtu kuchukua mkoba. Hapa nina swali kwako: ule mlango wa kusukuma wa gari lenu unafunguka kutoka ndani? Magari mengi ya zamani mkono wa ndani ulivunjika wakati wa umatatu, na utingo alizoea kufungua kwa nje. Leo jioni kaa ndani, mlango ufungwe, ujaribu mwenyewe. Kama haufunguki, hilo ndilo tengenezo la kwanza, kabla hata ya kuosha gari. Mtungi wa kuzimia moto uwe wa unga mkavu, mshale wake uwe kwenye sehemu ya kijani, na ukae karibu na dereva, si chini ya magunia. Usifunue kifuniko cha injini wazi kuangalia moto, utaupa hewa. Mtoto akiungua, mahali hapo pamwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, bila dawa ya meno, bila samli, bila yai, kisha afunikwe kitambaa safi na kupelekwa hospitali. Nambari za dharura ni 999 au 112.

Jambo moja la nyumbani, kwa haraka. Oili ya breki ni sumu na huwa ina rangi ya soda hafifu, kwa hiyo isihifadhiwe kamwe katika chupa ya soda. Mtoto akinywa, usimtapishe, mkimbize hospitali na chupa hiyo mkononi. Asidi ya betri ikimrukia machoni, maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha hospitali. Betri inayochajiwa inatoa hewa inayolipuka, basi kiberiti na mshumaa vikae mbali. Na watoto wasikae karibu breki zinaposafishwa, kwa kuwa vumbi la breki za zamani laweza kuwa na asbesto, inayodhuru mapafu.

Sasa, wengi mtaniambia: muuguzi, gari si langu, ni la mzee, au ni la yule anayewabeba watoto shuleni. Nitasemaje? Wengi tunakumbuka mwaka wa 2004, kanuni za marehemu waziri John Michuki zilipoanza kutumika, tukafungishwa mikanda katika matatu. Watu walinung'unika, kisha wakazoea. Lakini gari la nyumbani, lililoegeshwa chini ya mwembe, mkaguzi wake wa kila siku ni wewe. Kwa mzee wa nyumba, usimwambie kwenye mteremko wala mbele ya wageni. Mwambie jioni, ametulia, tena mwambie ulichosikia: "Gurudumu la mbele kushoto linalia tangu Jumanne." Hilo ni neno ambalo makanika anaweza kulifanyia kazi. Kama pesa ni kidogo, redio na rangi zingoje. Pedi zibadilishwe magurudumu mawili ya mbele pamoja, si moja, ama gari litavuta upande.

Kwa mwenye gari la shule, msiende mmoja mmoja saa kumi na mbili asubuhi langoni akiwa na haraka. Nendeni wazazi watatu au wanne siku ya Jumamosi. Mwulizeni pedi zilibadilishwa lini, oili ya breki ilimwagwa lini, na mwombeni afungue mlango akiwa ndani. Mwenye gari mzuri atajibu, pengine atafurahi mkichangia. Kwangu mimi, anayekasirika kwa kuulizwa juu ya breki amekwisha nijibu.

Gari letu bado tunalo. Liliwekewa pedi, oili na mipira mipya, na waya za spika zote ziking'olewa. Mama mkwe huketi nyuma ya dereva, na likilia humgonga baba watoto begani kwa kidole kimoja. Siku hizi baba watoto husimama.

Juma lijalo, saa kama hii, tutazungumza juu ya kikohozi kisichoisha kwa watoto wa chini ya miaka 5. Kwaherini.